Andazi la Ntobeye na Mafuta ya Hanukkah

Wanaoandika juu ya vyakula vya asili vya mkoa wa Kagera hulipita andazi bila kulitupia jicho. Watataja ndizi za kupika na maharage, viazi vitamu, muhogo, mtama na pombe ya ndizi; andazi wataliacha dukani pamoja na sabuni na viberiti, bidhaa iliyoletwa na lori. Lakini Krismasi inapokaribia Ntobeye, kata ya wilaya ya Ngara, kule mkoa unakopakana na Rwanda na Burundi, hali ni nyingine. Unga wa ngano hukandwa usiku na kuachwa uumuke, karai huinjikwa alfajiri, na nyumba ambazo siku nyingi hunywa chai kavu hukaanga maandazi ya kuwatosha wenyeji na wageni. Nyumba za Waislamu hufanya vivyo hivyo siku ya Idi. Nadai kwamba andazi hilo ni chakula cha jadi kwa maana kamili ya neno. Nadai pia kwamba jadi ya chakula cha sikukuu haipimwi kwa umri wa unga wala kwa shamba lililouzaa. Hupimwa kwa mafuta: nani aliyapata, kwa taabu gani, na kwa nini alikubali kuyamwaga karaini kwa ajili ya siku moja.

Shida ya kuitetea hoja hii kwa ushahidi wa Ngara peke yake ni kwamba waliokaanga hawakuandika, na walioandika hawakukaanga. Wapelelezi, wamisionari na maofisa wa serikali walihesabu ng'ombe, vichwa vya kodi na magunia ya kahawa. Jiko la mwanamke hawakuliona, au waliliona wakadhani halina historia. Kwa hiyo inafaa kuanza na watu ambao mila yao ya kula vitu vya kukaanga imeachiwa maandishi ya karne nyingi, ili tuone mila ya namna hiyo huzaliwaje na hukuaje. Watu hao ni Wayahudi, na sikukuu yenyewe ni Hanukkah. Si ngeni kabisa kwa msomaji wa Ngara. Mkatoliki ana chanzo chake ndani ya Biblia yake mwenyewe, katika vitabu vya Wamakabayo, na Mkristo wa dhehebu lolote huikuta katika sura ya 10 ya Injili ya Yohana, pale Yesu anapotembea hekaluni wakati wa baridi katika Sikukuu ya Kutabaruku.

Kisa chenyewe ni cha vita. Mfalme Antioko wa Nne alipolinajisi hekalu la Yerusalemu, ukoo wa Wamakabayo uliinuka, ukapigana, na mwaka 164 kabla ya Kristo ukalitakasa hekalu na kuliweka wakfu upya tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu. Furaha ikadumu siku nane. Jambo la kushangaza ni kwamba vitabu vya Wamakabayo, vilivyo karibu zaidi na matukio, havisemi lolote juu ya muujiza wa mafuta. Habari ya chupa moja ya mafuta safi, ya kutosha siku moja, iliyowaka siku nane, inakuja katika Talmudi ya Babeli, karne kadhaa baadaye. Na hata hapo Talmudi inazungumzia kuwasha taa, kukaanga haikutaji. Tunaposikia kwamba Myahudi hula vitu vya kukaanga siku za Hanukkah kwa sababu ya muujiza ule, tunasikia maelezo yaliyojengwa ngazi kwa ngazi: kwanza ushindi, kisha taa, kisha kisa cha mafuta, na mwisho kabisa karai. Hakuna aibu katika kusema hivyo. Ndivyo sikukuu zinavyokua.

Mojawapo ya kumbukumbu za zamani za karai hilo imeachwa na Maimon ben Yosef, baba wa mwanazuoni maarufu Maimonides, aliyeishi Hispania na kisha Fez, Moroko, katika karne ya 12. Aliandika kwa Kiarabu kwamba mila ya kukaanga vinyunya vya unga siku za Hanukkah isidharauliwe, kwa kuwa ni desturi ya wazee na ni ukumbusho wa muujiza wa mafuta. Onyo kama hilo hutolewa pale tu ambapo wapo wanaodharau. Na ni rahisi kuelewa kwa nini walidharau. Vinyunya hivyo vinafanana na sfenj, ambayo mpaka leo Waislamu wa Moroko huinunua asubuhi kwa muuzaji wa mtaani na kuila na chai. Maana yake ni kwamba tangu hatua zake za mwanzo tunazoweza kuziona, kitafunwa kitakatifu cha Hanukkah kilikuwa kilekile cha kila siku cha jirani wa dini nyingine. Baba yule alikuwa anatetea andazi la barabarani, na alilitetea kwa kulipa kumbukumbu ya kubeba.

Yaliyofuata yanaonyesha wazi kwamba sikukuu ilitunza tendo la kukaanga huku ikibadilisha kila kitu kingine. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walikwenda na maandazi yao ya asali mpaka miji ya Uturuki na Ugiriki. Italia ilijulikana kwa vikate vya jibini vya kukaanga. Walioishi Poland, Lithuania na Ukraine walikuta nchi isiyo na mzeituni hata mmoja, na mafuta ya zeituni ya kuagizwa yalikuwa ghali mno. Wakakaangia shahamu ya bata bukini, ambao walichinjwa karibu na majira hayo ya baridi wakiwa wamenona. Sikukuu ya mafuta ya zeituni ikasherehekewa kwa mafuta ya ndege. Hata kikate cha viazi kiitwacho latke, ambacho Wamarekani wengi hukidhani kuwa chakula cha Wamakabayo wenyewe, kinatokana na zao lililotoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na lililoenea sana katika mashamba ya Ulaya ya Mashariki katika karne ya 19, hasa baada ya mavuno ya nafaka kuharibika miaka ya 1839 na 1840. Andazi la duara lenye jemu ndani, sufganiya, ambalo leo hujaza maduka ya mikate ya Israel kila Desemba, lilitoka katika majiko ya Wajerumani na Wapoland. Wanahistoria wa chakula hueleza kwamba lilisukumwa mbele Palestina miaka ya 1920 na shirikisho la wafanyakazi la Histadrut, kwa kuwa latke hupikwa na mtu nyumbani kwake, ilhali sufganiya huwapa waokaji kazi.

Tawi moja la jadi hiyo ya kukaanga linafika kwetu moja kwa moja. Vitabu vya mapishi vya Kiarabu vya karne ya 13 vinavitaja vidonge vya unga uliochachushwa, vilivyokaangwa na kutoswa katika shira, viitwavyo tonge la kadhi. Wayahudi wa nchi za Kiarabu walivila, na Wagiriki na Waturuki wanavyo hadi leo. Ghuba iliviita luqaimat, na pwani yetu ikavipokea kama kaimati, ambazo hakuna futari ya Zanzibar, Mombasa au Lamu inayopita Ramadhani nzima bila kuziona. Kwa hiyo kaimati za Mwislamu wa Forodhani na maandazi ya shira ya Hanukkah ya Myahudi wa Izmir ni watoto wa jiko moja. Sisemi kwamba pwani ilijifunza kwa Wayahudi, wala kwamba Wayahudi walijifunza kwa pwani. Ninachosema ni kwamba unga uliochachuka, mafuta ya moto na utamu vilitembea na wafanyabiashara katika Bahari ya Kati na Bahari ya Hindi, na kila dini iliyokutana navyo ikavipa siku yake ndani ya mwaka.

Kufika Bara kulichukua muda zaidi, na hapa mafuta yanaeleza mengi. Jiko la kale la Wahangaza na Washubi, wenyeji wa Ngara, kama la jirani zao wa Rwanda, Burundi, Buha na Karagwe, lilikuwa jiko la chungu na maji. Ndizi zilichemshwa, maharage yalichemshwa, mtama na ulezi vikasongwa. Mafuta yalikuwapo, lakini yalikuwa samli ya ng'ombe, nayo ilikuwa mali. Ilitiwa kidogo kwenye chakula cha mgeni wa heshima, ilipakwa mwilini, ilitumika katika ngozi na katika dawa. Kujaza chombo samli na kutumbukiza humo donge la unga lingekuwa tendo la mfalme, na hata wafalme hawakuwa na unga wa ngano wala karai la chuma. Hakuna upungufu wa ustadi katika hilo. Kukaanga kwa mafuta mengi kunadai vitu vinne vikutane mahali pamoja, yaani unga, mafuta, karai na kuni, na katika vilima vya Ngara ni kuni tu zilizokuwa karibu.

Watu wa pwani walipita eneo hili mapema kuliko wengi wanavyodhani. Biashara ya Karagwe ilifunguliwa kutoka Tabora na wafanyabiashara wa Kiarabu, Kiswahili na Kihindi, mmoja wao Musa Mzuri, na kituo chao kilikuwa Kafuro. Njia hiyo ilipita Usui, nchi iliyo sehemu ya Biharamulo ya leo, ambako mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861 alicheleweshwa na madai ya hongo ya mtawala Suwarora. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakajenga boma Biharamulo, na kila boma la Wajerumani lilivuta nyuma yake askari wanaosema Kiswahili, makarani, wachuuzi na wake zao. Hapo ndipo ninapoweka mwanzo wa karai katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Ni makisio, lakini yana msingi: katika miji ya maboma Tanganyika nzima, chai ya sukari, chapati na maandazi vilifuata mitaa ya Waswahili na maduka ya Wahindi na Waarabu. Karibu na miji hiyo misheni nazo zikaleta ngano, kwa hostia na kwa mkate wa wazungu, na zikaleta Krismasi, siku iliyohitaji chakula kisichofanana na cha jana.

Kutoka mjini mpaka kijijini kulitaka reli na fedha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, na kwa njia hizo mbili unga, sukari na mafuta vilianza kufika kanda ya magharibi kwa wingi ambao wapagazi wasingeuweza. Kigoma ilikuwa na mawese yake. Mwanza, penye pamba, ilikuja kukamua mafuta ya mbegu zake. Fedha ilitoka kwenye kahawa. Bugufi, nchi ya Wahangaza iliyokuwa ikigombewa na utawala wa Wabelgiji wa Burundi kabla ya kubaki Tanganyika, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoanza kuuza kahawa yao kwa ushirika katika miaka ya 1930. Mkulima aliyelipwa kahawa katikati ya mwaka aliweza kuweka akiba ya shilingi kwa ajili ya Desemba. Kwa hiyo andazi la Krismasi liliingia kwa mlango wa zao la biashara, na tangu mwanzo lilikuwa ushahidi kwamba mwaka haukuwa mbaya.

Kisha ikaja miaka ya uhaba, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoligeuza andazi kuwa jadi. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978. Vita, bei ya mafuta ya petroli na uchumi uliolemewa viliacha maduka ya nchi nzima matupu. Mafuta ya kula, sukari na sabuni viligawiwa kwa vibali kupitia makampuni ya biashara ya mikoa na maduka ya vijiji. Foleni zikawa ndefu, magendo ya mipakani yakashamiri, na mwaka 1983 serikali ikaanzisha msako mkali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Ahueni ilianza mwaka 1984 bidhaa za nje ziliporuhusiwa tena. Waliokuwa watoto wakati huo, kila kona ya Tanzania, wanajua kwamba andazi lilikuwa la sikukuu kwa sababu hapakuwa na uwezo wa kulifanya la siku nyingine. Mafuta ya mgao yalifichwa miezi kadhaa yakingoja siku moja. Hicho ndicho kitu ambacho Talmudi inakisimulia kwa lugha ya muujiza: mafuta machache, yanayotakiwa kutosha kwa jambo kubwa kuliko kiasi chake.

Na miaka kumi baadaye Ngara ikajaa mafuta kwa sababu ya kutisha. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikaota mahali palipokuwa vichaka. Mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulikuwa mahindi, maharage, chumvi na mafuta ya mimea, na mafuta yale, katika makopo na madebe yenye maandishi ya Kiingereza, yalizunguka kutoka kambini hadi vijijini. Utafiti wa Beth Whitaker uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika masoko ya kambi za magharibi mwa Tanzania bei ya bidhaa za msaada ilishuka, ilhali ndizi na vyakula vingine vya wenyeji vilipanda. Mkimbizi alitaka ndizi, mwenyeji alitaka mafuta, na wakabadilishana. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini wakimbizi wa Burundi walibaki katika kambi ya Lukole, wilayani humo, mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Kwa muda wa karibu miaka 15, wilaya iliyokuwa na chungu na maji ilikaa kando ya soko la mafuta lililoletwa na misiba ya watu wengine. Siwezi kulisema jambo hili kwa wepesi. Baadhi ya karai za Ngara zilijazwa kwa mgao wa watu waliopoteza kila kitu, na historia ya chakula cha furaha ambayo ingeficha hilo isingekuwa ya kweli.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni kwamba kitu chenye historia fupi na ya kigeni namna hii hakiwezi kuitwa cha jadi. Kwamba tukikubali andazi tutaacha kutofautisha ndizi, iliyolimwa hapa vizazi kwa vizazi, na bidhaa ya dukani. Nakubali tofauti ipo na ina maana. Ndizi ina haki ya ardhi ambayo ngano haina. Lakini anayetoa pingamizi hilo akumbuke kwamba muhogo, mahindi, viazi vitamu na maharage, vitu anavyoviorodhesha bila kusita, vyote vilitoka Amerika na kufika kwetu baada ya Wareno kuvuka bahari. Hata ndizi asili yake ni Asia. Latke ya viazi ina umri wa karibu karne mbili tu katika sikukuu yenye zaidi ya karne 21, na hakuna mtu anayemwambia bibi wa Kiyahudi kwamba anapika kitu cha kigeni. Ukali huo tunauelekeza kwa andazi peke yake kwa sababu tumelikuta sokoni, likiuzwa kwa sarafu, na tumezoea kudhani kwamba kilichouzwa hakiwezi kurithiwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na nimelipima kwa muda mrefu. Linasema kwamba Hanukkah ina sababu ya kukaanga, nayo ni mafuta ya hekalu. Krismasi ya Ntobeye haina. Mtoto wa Kiyahudi anaweza kuuliza kwa nini tunakaanga akajibiwa kwa kisa. Mtoto wa Ntobeye atajibiwa kwamba ni sikukuu. Hili ni kweli, na sitatunga kisa ili kuziba pengo. Ila historia yenyewe ya Wayahudi inaonya tusiifanye sababu kuwa sharti. Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel, walitengana na wenzao zamani mno kiasi kwamba hawakuwa na Hanukkah katika kalenda yao mpaka walipokutana na Wayahudi wa nje katika nyakati za karibuni, na hakuna anayeweza kudai kwamba miaka yote hiyo hawakuwa na jadi. Karibu nasi zaidi, mashariki mwa Uganda, Semei Kakungulu alijitahiri yeye na wanawe mwaka 1919 na kuanzisha jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale akiwa ameshika Torati, na Hanukkah haimo katika Torati. Kwa jumuiya iliyoanzia kwenye Maandiko pekee, sikukuu hiyo inapokelewa kutoka kwa Wayahudi wengine, kwa mikono ya watu na kwa ujirani, njia ileile iliyolileta andazi Ngara. Sababu inaweza kutangulia mila, na inaweza kuifuata. Maimon wa Fez aliikuta mila ikiwa na wazee wake na wadharau wake, ndipo akaiandikia sababu.

Liko na pingamizi la sasa, la wale wanaoona kwamba andazi limekuwa la kila asubuhi, kitafunwa cha wanafunzi na waendesha bodaboda, na hivyo limepoteza sikukuu yake. Ni kweli kwamba mafuta yameenea. Ila Tanzania bado huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula inayoyatumia, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipobana mafuta ya alizeti na Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa kuuza nje mawese yake, bei ilipaa mpaka wakaangaji wengi wakapunguza ukubwa wa andazi badala ya kupandisha bei yake. Uhaba haujaondoka, umehamia bandarini. Na sfenj ya Fez nayo ilikuwa ya kila asubuhi. Jambo linalolitenga andazi la Krismasi na la Jumanne ya kawaida ni kwamba la Jumanne hununuliwa moja moja kwa mama anayekaanga barabarani, na la Krismasi hukaangwa nyumbani kwa mafuta yaliyonunuliwa makusudi, likahesabiwa kwa idadi ya watakaokuja, na likatolewa bure, hata kwa jirani ambaye siku hiyo si sikukuu yake. Mwaka 2024 usiku wa kwanza wa Hanukkah uliangukia tarehe 25 Desemba. Baada ya karai za Ntobeye kuinjikwa alfajiri, za Nairobi, ambako Wayahudi wamekuwa na jumuiya yao tangu mwaka 1904, na za vilima vya Mbale zingeweza kuwa motoni jioni ya siku ileile, na muuzaji wa unga na mafuta katika sehemu zote tatu asingeweza kujua, kwa kutazama kikapu tu, mteja wake anakwenda kusherehekea nini.